Injini isiyo na namba kwenye Hilux ya mjomba: shajara ya mradi

Jumamosi

Gari ni Toyota Hilux LN106, kebini moja, inavuta tairi zote nne, dizeli, ya mwaka 1994. Mjomba kainunua Korogwe kwa ajili ya kubeba machungwa hapa Muheza, na msimu wa viungo anapanda nayo Amani kuchukua iliki na pilipili manga. Bodi nzima, chasisi haijaoza, giaboksi inaingia safi kabisa. Shida ni injini. Kwenye tambarare haina neno, ila ukianza tu kuupanda ule mlima mshale wa temperecha nao unapanda, maji yanasukumwa kwenye kichupa cha akiba mpaka yanamwagika, hosi ya juu inakaza ukiiminya haibonyei, na ukisubiri ipoe ukafungua rejeta unakuta maji yamekwenda chini sana. Fundi wetu mzee akaisikiliza, akaweka kiganja kwenye mdomo wa rejeta, akasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, yaani chuma kikuu chenye silinda) imekwenda, moto unaingia kwenye maji, hedi lazima ishuke.

Sawa, tununue gasketi. Duka la kwanza swali la kwanza: injini gani?

Hapo ndo kazi ilipoanzia. Kadi ya gari inasema 3L, cc 2779. Kibati cha kiwandani kwenye ukuta wa injini nacho kinasema 3L. Aliyemuuzia mjomba anaapa hiyo injini alishaibadilisha, kaweka 5L, "ndo maana ina nguvu". Kijana mmoja gereji akachungulia nusu dakika akasema hiyo 2L tu hamna kitu hapo. Watu watatu, injini tatu, na zote zinawezekana, manake kwa nje hizi ni ndugu wa tumbo moja: silinda nne, kemshafti moja juu, mkanda wa taiming mbele, pampu ya dizeli pembeni, alteneta yenye pampu ya vakyumu mgongoni kwa ajili ya breki. Zinashikia kwenye maunti zilezile na giaboksi ileile, ndo maana mtu anaweza kutoa moja akaweka nyingine mchana mmoja na jioni gari inatembea.

Tofauti iko ndani. 2L ina boa (upana wa silinda) ya milimita 92 na straki (mwendo wa pistoni kutoka juu mpaka chini) ya 92, inapata cc 2446. 3L boa 96 straki 96, cc 2779. 5L boa 99.5, straki ileile 96, cc 2986. Pistoni hazifanani, ringi hazifanani, na tundu la gasketi halifanani, kwaiyo ukikosea hapo umenunua takataka, au mbaya zaidi itaingia, itafungika, alafu itakufia barabarani.

Nikamwambia mjomba hatununui hata bolti moja mpaka tuijue. Akaniambia "haya mjomba, ila msimu haunisubiri".

Jumapili

Nimeanza na namba. Kwenye hizi injini namba inagongwa kwenye kijisehemu kilicholainishwa cha bloku, inaanza na jina la injini yenyewe, yaani 3L kistari alafu tarakimu, au 5L kistari alafu tarakimu. Ukiipata umemaliza kazi. Pale pote palikuwa pamegandwa na oili iliyochanganyika na vumbi jekundu la huku kwetu, gumu kama lami. Nimepaka mafuta ya taa nikaacha ilainike, nikapiga brashi ya waya taratibu, nikapangusa na kitambaa, nikawasha tochi ya simu kwa kuilaza pembeni ili hata mchubuko mdogo utupe kivuli.

Hamna kitu. Si kwamba imefutika. Haijawahi kuandikwa.

Hii ni tofauti kubwa na naomba anayesoma aielewe vizuri kabla hajanunua gari la mtu. Namba iliyosagwa inaacha alama: mistari ya grainda inayokwenda upande mmoja, au bonde dogo ukipitisha kucha, au rangi mpya mahali pasipo na sababu ya kupakwa rangi. Ukiona hivo kaa mbali na hilo gari, hata kama bei ni ya kutupa. Hii yangu uso wake ni ule wa mashine ya kiwandani, sawa kutoka kona mpaka kona, kingo zake kali, na chuma cha kuzunguka bado kina ile chengachenga ya kumiminwa. Bloku inayouzwa kama spea huja hivi, pale mahali pa namba pakiwa patupu. Kwaiyo sasa tunajua jambo moja kubwa, kwamba ile injini iliyotoka na gari kiwandani mwaka 1994 haipo tena, au angalau bloku yake haipo, na kadi inasimulia habari ya chuma ambacho hakimo ndani ya gari.

Namba ya chasisi niliilinganisha na kadi palepale. Hiyo iko sawa, herufi kwa herufi. Roho ikatulia kidogo.

Jumanne

Pampu ya dizeli. Ina kibati cha Denso, namba ya Toyota inaanza na 22100, ambayo ndo namba ya pampu kamili ya dizeli, zinazofuata ndo zinasema ya injini ipi. Nimepiga picha nikamtumia jamaa anayeuza spea Ilala, Dar, mtu ambaye siku nzima anashika vitu hivi. Hajakawia: hiyo ya 5L, imetoka kwenye Hiace.

Mjomba akafurahi, "si nilikwambia, 5L hiyo". Nikamwambia mjomba subiri kwanza. Pampu inafunguliwa kwa spana mbili tatu na inafungwa kwenye injini yoyote ya familia hii. Aliyeuza gari alisema kaweka 5L, pengine alichoweka ni pampu ya 5L, na pengine hata yeye aliambiwa tu na fundi wake. Pampu inakwambia pampu imetoka wapi. Injini ni bloku.

Ila imenipa jibu la swali jingine, kwa nini inatoa moshi mweusi mzito ukikanyaga mafuta kwenye mlima. Kama chini ni injini ndogo kuliko pampu, inalishwa dizeli nyingi kuliko hewa inayovuta. Nimeliandika hilo pembeni.

Alhamisi jioni

Kazi fupi. Nimefungua kava ya juu. Zile 2L za mwanzo kabisa zina roka, kemshafti inasukuma roka, roka inasukuma valvu. Zilizokuja baadae, yaani 2L-II, 3L na 5L, kemshafti inabonyeza vikombe moja kwa moja juu ya valvu na tapeti zinarekebishwa kwa vishimu, yaani visahani vya unene tofauti. Hapa ni vikombe. Kwaiyo 2L ya zamani imetoka kwenye orodha, ila 2L-II bado imo.

Injini ina mkanda wa taiming lakini haina taabo wala waya za kompyuta kwenye pampu, kwaiyo 1KZ-TE, ile dizeli nyingine ya Toyota yenye vitu hivyo, haijawahi kuwa na nafasi hapa. Nalisema kwa sababu kuna mtu aliniuliza.

Jumamosi

Leo hedi imeshuka.

Tulianza asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, mimi na fundi mzee na kijana wake. Maji tumemwaga, mkanda wa taiming tumeutoa baada ya kulinganisha alama, bolti za hedi tumelegeza kutoka nje kuja ndani kidogokidogo ili hedi isipinde. Ilivonyanyuka fundi hakusema neno, akaweka tu kidole kwenye gasketi kati ya silinda ya pili na ya tatu. Pale pameliwa. Ule ukingo wa chuma wa kuzuia moto umekatika, na njia nyeusi imechorwa mpaka kwenye tundu la maji. Ugonjwa wa mlima wa Amani ndo huo.

Ila kilichonishika mimi kilikuwa kingine. Kuzunguka kila silinda, juu ya uso wa bloku, kulikuwa na pete ya masizi, nyeusi tii, upana wake kama milimita mbili hivi, silinda zote nne sawasawa. Masizi hayatakiwi kufika pale. Yanatakiwa kuishia kwenye ukingo wa boa, kwa sababu gasketi inatakiwa izizunguke silinda kwa karibu. Nikaiokota gasketi kuukuu nikailaza juu ya bloku kama ilivyokuwa: tundu lake ni pana kuliko silinda, unaona uso wa bloku unachungulia duara zima. Yaani aliyefunga mara ya mwisho aliamini hii ni 5L, akanunua gasketi ya 5L, bolti zikakubali, matundu ya maji yakakubali, akafunga. Na kila mlipuko moto ulikuwa unaingia kwenye ule mwanya kabla haujagonga gasketi. Sisemi ndo sababu pekee, inaweza kuwa gari ilishawahi kuchemshwa kabla, ila sioni gasketi iliyofungwa vile ikidumu na mzigo wa machungwa mlimani.

Basi tukapima. Kwanza tumesafisha kila kitu, manake kupima juu ya masizi ni kujidanganya. Vernia kalipa kwenye silinda ya kwanza, mdomo wa juu: 96.5 na ushee. Geuza upande wa pili: karibu palepale. Silinda ya pili, 96.5. Ya tatu, 96.5. Ya nne, 96.5.

Kimya. Fundi akanitazama. 96 ni 3L, 99.5 ni 5L, 92 ni 2L, sasa hii 96.5 ni mtu gani? Kijana akasema imelika. Fundi akamjibu silinda hailiki nusu milimita ikabaki duara safi namna hii, tena zote nne zikiwa sawa, ikilika inalika upande pistoni inaposukuma, inakuwa yai. Na kweli, ukipitisha kucha pale juu ringi zinapoishia unakuta kidaraja chembamba sana, cha kawaida.

Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa nikaanza kufuta kichwa cha pistoni ya kwanza. Masizi yalikuwa yameganda, yanatoka kwa magamba. Nikatumia kijiti cha mwanzi, si chuma, kwa sababu kichwa cha pistoni ni aluminiamu na sitaki kukichora. Kwanza ikatokea ile alama ya kuonyesha upande wa mbele. Nikaendelea. Alafu karibu na ukingo ikaanza kujitokeza sifuri moja, nukta, tano, sifuri: 0.50. Imegongwa ndani ya aluminiamu, ndogo, unaweza kuipita kama hujui unachotafuta. Pistoni ya pili hivohivo. Ovasaizi fifti zote nne.

Kwaiyo bloku ilishachongwa. Boa ya kiwandani 96, imeongezwa nusu milimita, ikawekwa pistoni za saizi hiyo. Hesabu inakaa.

Lakini sikutaka kuishia kwenye boa. Tumepima straki pia, na hii ni rahisi ukishakuwa na hedi chini. Pistoni ikiwa juu kabisa kwenye hizi injini inajitokeza kidogo juu ya uso wa bloku, yetu imejitokeza 0.8. Ukiizungusha krankshafti mpaka pistoni ishuke mwisho, ukapima kwa kile kijiti cha nyuma cha vernia kutoka uso wa bloku kwenda chini, tumepata 95.2. Jumlisha hizo mbili: 96. Ingekuwa 2L ya kuchongwa ingekuja 92, na hakuna mtu anayechonga 92 ikafika 96.5. Ingekuwa 5L boa ingekuwa pana kwa milimita tatu nzima na hakuna namna ya kuipunguza.

Ni 3L, ovasaizi 0.50. Ukipiga hesabu ya sasa inakuja kama cc 2808 hivi.

Mjomba alivopigiwa simu akauliza swali moja tu, "kwa hiyo nguvu aliyosema ile ni nini?" Nikamwambia ni pampu, mjomba, na moshi.

Wiki iliyofuata

Hedi imekwenda Tanga mjini. Wameipima kwa rula ya chuma, ilikuwa imepinda kidogo kuelekea katikati, wameiskimu, yaani wameukwangua uso wake kwa mashine mpaka ukanyooka. Kabla ya hapo niliomba waipime kwa presha ya maji, kwa sababu hedi za familia hii zikichemshwa zinapenda kupasuka katikati ya valvu mbili, hasa zile za taabo za 2L-T, na sioni maana ya kulipia kuskimu hedi iliyopasuka. Haikuvuja. Valvu zimesagwa, sili za valvu mpya.

Gasketi sasa. Hapa kuna jambo ambalo maduka mengi hawakuulizi na wewe usipolijua hulipati. Gasketi za hedi za hizi dizeli za Toyota zinatoka kwa unene wa aina tatu, zimewekewa alama B, D na F, B nyembamba, F nene, na unachagua kwa jinsi pistoni zinavyojitokeza juu ya bloku. Tulipima pistoni zote nne, kila moja sehemu mbili, tukachukua ile iliyojitokeza zaidi, tukaangalia kwenye jedwali la kitabu cha matengenezo, tukaangukia D. Muuzaji wa kwanza alinipa iliyo mkononi mwake akasema "zote sawa". Nimemrudishia kwa heshima. Ya D imetoka Dar kwa basi, ya 3L, na nilipoilaza juu ya bloku yenye boa ya 96.5 ukingo wake ukakaa vizuri nje kidogo ya silinda, hauning'inii ndani, hauachi uso wazi. Nimekaa nayo pale nikaizungusha macho silinda kwa silinda kabla ya kuruhusu hedi irudi.

Pampu nimeipeleka kwa fundi pampu. Nimemwambia wazi inakwenda kwenye 3L, akaipunguza mafuta kwenye mashine yake. Kutafuta pampu ya 3L nzima kungekuwa bora, ila kwa bei ya sasa mjomba ameamua hii itoshe, na mimi nimeona ni uamuzi mzuri.

Jumamosi ya kufunga

Mkanda mpya wa taiming pamoja na rola yake, na kilomita zimeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye kava, kwa sababu mkanda ukikatika kwenye hizi injini valvu zinakutana na pistoni. Bolti za hedi tumekaza kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, kwanza kwa toki renchi mpaka 78 Nm, alafu kila bolti robo mzunguko, alafu robo mzunguko tena, tumeweka kitone cha rangi kwenye kila kichwa ili tusisahau ipi imeshazungushwa. Fundi mzee miaka yake yote amekaza kwa mkono na sikio, lakini hili alilikubali bila ubishi, akashika kitabu akanisomea yeye mwenyewe.

Pembeni ya zile kilomita za mkanda nimeandika pia: 3L, pistoni 0.50, gasketi D, pampu ya 5L imepunguzwa.

Imewaka mara ya pili baada ya kutoa hewa kwenye dizeli. Imeyumba kidogo, ikakaa.

Jumatano

Amani na kurudi. Kwenda tupu, kurudi na magunia. Mshale umesimama chini ya nusu njia nzima, moshi umepungua sana, umebaki ule wa kawaida wa dizeli ya zamani ukibadili gia. Maji hayajapungua. Hosi ya juu inabonyea. Mjomba anasema nguvu imepungua kidogo, nami naamini, dizeli tuliyoipunguza si uongo, ila anapanda gia ileile aliyokuwa anapanda mwanzo na hasimami njiani kupooza injini.

Kinachoendelea

Makaratasi. Kadi ina namba ya injini ambayo haipo kwenye bloku, na mjomba hataki siku moja asimamishwe akose la kusema. Kuna mtu kajitolea "kutugongea" namba ya kwenye kadi pale patupu, nimekataa palepale, hiyo kazi haifanywi kienyeji kichochoroni. Nimekusanya picha za pale mahali pa namba, vipimo vyetu vya boa na straki, risiti za spea, na barua ya fundi. Gari linakwenda kukaguliwa polisi wa usalama barabarani wiki hii, alafu ndo TRA kurekebisha taarifa. Aina ya injini kwenye kadi haibadiliki, ni 3L kama ilivyokuwa. Aliyeuza tumempigia kumuuliza bloku aliipata wapi na kama ana risiti, amesema ataitafuta, na mjomba amepanga kumfuata Korogwe siku ya gulio.

Sili ya nyuma ya krankshafti inatoa jasho kidogo la oili kwenye kengele ya giaboksi. Hiyo itasubiri mpaka machungwa yaishe.